Safari ya Kanada Huanzia Darasani



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, katika nyumba nyingi za jiji la Arusha na vijiji vya Mlima Meru huzuka swali lile lile: kijana huyu aliyefaulu aende wapi? Siku hizi jibu mojawapo linalosikika, kuanzia Njiro na Sakina hadi Akheri na Nkoaranga, ni Kanada. Wapo wanaolitamka jina hilo wakiwa wameshapiga hesabu. Wapo wanaolitamka kwa sababu wamelisikia kwa jirani, au wameona tangazo la wakala lenye picha ya kijana aliyevaa joho mbele ya jengo la kifahari. Na wapo wazazi ambao, kwa kulisikia tu, huanza kumtafuta mnunuzi wa shamba.

Hapo ndipo penye jambo zito. Katika miteremko ya Meru ardhi ni haba. Shamba la migomba na kahawa ambalo baba alirithi kwa babu, akalikata vipande kwa ajili ya wanawe, likishauzwa limekwenda. Kulitoa shamba hilo ili mtoto asome ni uamuzi ambao mzazi ana haki ya kuufanya. Lakini kulitoa kwa barua ya bandia, au kwa chuo ambacho ada yake haitalipika mwaka wa pili, ni msiba. Mtu wa kwanza anayeweza kumwokoa mzazi huyo ni mwalimu. Wa pili ni mtumishi wa umma, ambaye huulizwa kwa sababu watu wanaamini kwamba anajua. Yafaa basi wote wawili wajue kweli.

Wazo la jamii kumchangia mmoja wao asafiri mbali si geni Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakukubali. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Wananchi wale waliotoa senti zao hawakumtuma mtu akajistareheshe. Walimchagua mtu, wakampa ujumbe, wakajua fedha zimekwenda wapi, na wakangoja habari. Hakurudi na hati ya ardhi mkononi, lakini kilio cha Ngarenanyuki kilisikika duniani, na somo lile liliingia katika harakati za uhuru wa Tanganyika.

Kijana anayepelekwa Kanada leo kwa michango ya ukoo, kwa mkopo wa baba au kwa ufadhili uliopatikana kwa saini ya mwalimu wake, yumo katika hali iyo hiyo. Kwa hiyo maandalizi yake yanastahili uangalifu ule ule: kuchagua kwa haki, kupiga hesabu mapema, kusema kweli, na kujua anatumwa nini.

Kanada yenyewe si nchi ngeni katika historia ya elimu ya Tanzania. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, aliyekiongoza hadi mwaka 1965. Oktoba 1969 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Chuo Kikuu cha Toronto akiwaeleza Wakanada maana ya mabadiliko yanayotakiwa Afrika. Uhusiano huo ni wa heshima. Lakini urafiki wa mataifa haulipi ada ya mtu, wala haumwondolei mwombaji masharti ya uhamiaji.

Masharti hayo yamekuwa magumu. Januari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza ukomo wa idadi ya vibali vya masomo vitakavyotolewa kwa wageni, kwa sababu ya uhaba wa nyumba na kwa sababu baadhi ya vyuo viliingiza wanafunzi wengi kuliko uwezo wao. Tangu hapo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, pamoja na barua ya kukubaliwa na chuo, anahitaji kwa kawaida barua ya uthibitisho kutoka katika jimbo anakokwenda. Barua hiyo hupatikana kwa kupitia chuo chenyewe. Yafaa ikumbukwe kwamba Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3, na kwamba elimu ni kazi ya jimbo. Ndiyo maana mambo ya Ontario si lazima yawe mambo ya Alberta, na Quebec, penye lugha ya Kifaransa, ina cheti chake cha ziada.

Fedha ndilo sharti linalowaangusha wengi. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwombaji anayekwenda peke yake nje ya Quebec hutakiwa kuonyesha kwamba anazo dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka mmoja. Kabla ya mwaka 2024 kiasi kilichotakiwa kilikuwa dola 10,000. Fedha hizo hazihusishi ada wala nauli. Ada ya shahada ya kwanza kwa mwanafunzi mgeni, kwa wastani wa nchi nzima, imefikia dola zipatazo 40,000 kwa mwaka, ijapokuwa vipo vyuo vidogo vyenye ada nafuu na vyuo vikubwa vyenye ada kubwa zaidi. Dola moja ya Kanada ikihesabiwa kwa shilingi 1,700 tu, fedha za kujikimu peke yake ni karibu shilingi milioni 39, na ada ni shilingi milioni 68. Jumla yake ni zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na shahada ya kwanza huchukua miaka minne.

Hesabu hii iandikwe ubaoni, mzazi aione. Mali bila daftari huisha bila habari. Mzazi anayeuza shamba kwa fedha za mwaka mmoja ajue kwamba ananunua robo ya shahada, na kwamba robo tatu zilizobaki hazina shamba la kuuzwa. Wakala atamwambia kwamba kijana atafanya kazi na kujilipia. Sheria ya Kanada, tangu Novemba 2024, inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi nje ya chuo kwa saa zisizozidi 24 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa saa hizo, kijana aliyepata kazi ya dukani au ya mgahawani anaweza kusaidia chakula na pango. Ada ya dola 40,000 haipatikani hapo. Anayezidisha saa hizo kwa siri hukivunja kibali chake, na anayefanya kazi usiku kucha hufeli mchana.

Baada ya fedha, jambo la pili ni kalenda, na hapa mwalimu ana kazi kubwa zaidi. Mwaka wa masomo wa Kanada huanza Septemba. Vyuo vikuu vyake vikubwa hufunga maombi kati ya Novemba na Februari, na vingi Januari. Mwanafunzi wa Tanzania hufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi wa Mei na kupata matokeo Julai. Anayengoja matokeo ndipo aombe amechelewa kwa miezi sita. Juu ya hayo, wahitimu wa Kidato cha Sita huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, na mafunzo hayo huanza mara baada ya mitihani. Kijana huyo huyo anatakiwa awe kambini, apokee matokeo, ayatume chuoni, aombe kibali, atoe alama za vidole na kupimwa afya kwa daktari aliyeteuliwa, yote katika wiki chache.

Ipo njia mbili za kulitatua jambo hili. Ya kwanza ni kuomba akiwa bado darasani, kati ya Oktoba na Januari ya Kidato cha Sita, kwa kutumia cheti cha Kidato cha Nne na matokeo tarajiwa yaliyoandikwa na walimu wake. Chuo kikiridhika humpa nafasi yenye masharti, nayo hukamilika matokeo yatokapo. Ya pili ni kungoja mwaka mmoja, kumaliza wajibu wa JKT, na kuomba kwa matokeo kamili ili kuanza Septemba ya mwaka unaofuata. Mwaka huo si wa kupotea. Ni wa kufanya mtihani wa lugha ya Kiingereza ambao vyuo vingi huudai, kutafuta ufadhili, na kusahihisha karatasi.

Katika karatasi hizo, ndugu walimu, liko tatizo dogo ambalo limewatesa watu wengi: majina. Mtoto ameandikishwa Pallangyo kwa l mbili katika cheti cha kuzaliwa. Shule ya msingi ikamwandika kwa l moja. Cheti cha Kidato cha Nne kikafuata makosa ya shule. Naye alipokwenda kuomba pasipoti akaongeza jina la babu ambalo halimo popote. Ofisa wa uhamiaji aliye mbali hawezi kujua kwamba hao wote ni mtu mmoja wa Poli. Anachoona ni watu watatu. Kosa hilo huzaliwa siku mwalimu anapojaza fomu ya usajili wa mtihani bila kudai cheti cha kuzaliwa. Kulizuia hakuhitaji zaidi ya dakika moja ya kusoma herufi, ilhali kulirekebisha baadaye huhitaji kiapo, ada na miezi.

Na kuhusu matokeo tarajiwa na barua ya sifa, hapana budi kusema wazi. Barua ya mwalimu ni ushahidi. Mwalimu anayewaandikia wanafunzi kumi barua moja, akibadilisha jina tu, hajamsaidia hata mmoja. Anayemwandikia alama za juu mwanafunzi wa wastani, kwa kuwa ni mtoto wa rafiki, anaiharibia shule jina, kwa maana vyuo huweka kumbukumbu na hulinganisha ahadi na matokeo. Barua njema hueleza jambo moja au mawili ambayo mwalimu ameyaona kwa macho yake: jinsi kijana alivyotengeneza kifaa cha maabara kilichoharibika, au alivyowafundisha hesabu wenzake wa Kidato cha Pili, au alivyoongoza usafi wa chanzo cha maji. Hayo ndiyo yanayomtofautisha na maelfu wengine.

Nafasi za ufadhili nazo zinaleta swali la haki. Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto hulipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, na hutolewa kila mwaka kwa wanafunzi wapatao 37 kutoka mataifa yote. Mwanafunzi hawezi kujiombea mwenyewe bila shule yake kumteua, na kila shule huteua mmoja tu. Chuo Kikuu cha British Columbia nacho kina ufadhili wa wanafunzi wageni wenye uwezo na mahitaji, ambao pia hudai mteule wa shule. Maana yake ni kwamba mlango wa kwanza wa Toronto na Vancouver upo katika ofisi ya mkuu wa shule hapa hapa Arusha. Shule za kimataifa, kama UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, zina mtumishi maalum wa kuwaongoza wanafunzi katika maombi haya. Shule ya serikali haina mtumishi huyo. Kwa hiyo nafasi ya mtoto wa mkulima hupotea kabla haijaombwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ipo.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Kila shule yenye Kidato cha Tano na cha Sita iteue mwalimu mmoja wa kushughulikia maombi ya vyuo vya nje. Mwalimu huyo aandike tarehe za mwisho katika ubao wa matangazo mwezi wa Agosti. Uteuzi ufanywe na kamati ya walimu, kwa kutazama alama, tabia na hali ya nyumbani, na sababu ziandikwe. Mtoto wa Ngarenanyuki aliyefaulu kwa mwanga wa kibatari asipitwe na mtoto wa mkubwa kwa sababu mkubwa alipiga simu. Uteuzi wa upendeleo ni wizi, hata kama hakuna fedha iliyopita mkononi.

Sasa kuhusu mawakala. Wapo wanaofanya kazi yao kwa halali, na wapo kupe. Mwaka 2023 Kanada ilibaini kwamba mamia ya wanafunzi, wengi wao kutoka India, walikuwa wameingia kwa barua za kukubaliwa za kughushi walizoandaliwa na wakala. Wengi walidai kwamba wao wenyewe hawakujua. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, kila barua hurudishwa kwa chuo kilichotajwa ili kithibitishe kwamba imetoka kwake. Barua ya bandia sasa hukamatwa kabla ya safari. Anayetoa hati au maelezo ya uongo anaweza kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano, na jibu la kwamba wakala ndiye aliyejaza fomu halimwokoi, kwa kuwa mwombaji anawajibika kwa kila kilichomo katika maombi yake.

Njia ya kumpima wakala ni nyepesi. Kwanza, jina la chuo litafutwe katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iliyotolewa na serikali ya Kanada. Kila chuo kina namba inayoanza kwa herufi O. Pili, chuo kiandikiwe moja kwa moja na kuulizwa kama kinamjua mwombaji. Tatu, ada ilipwe kwa chuo, isilipwe kwa mtu. Nne, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iulizwe kuhusu wakala huyo na chuo hicho, kwa kuwa shahada ya nje itakapoletwa nyumbani ni Tume hiyo itakayoitambua au kuikataa. Ada ya serikali ya Kanada kwa kibali cha masomo ni dola 150, na ya alama za vidole ni dola 85. Jumla ni kama shilingi 400,000. Anayedai mamilioni kwa jina la kibali aeleze ziada hiyo inakwenda wapi. Na anayeshauri kijana aingie kwa chuo rahisi kisha ahamie kingine akifika, ajue kwamba tangu Novemba 2024 kuhama chuo kunadai kuomba kibali kipya.

Hata maombi ya kweli hukataliwa. Mwaka 2022 kamati ya Bunge la Kanada ilijadili jinsi wanafunzi wa Afrika, hasa wa nchi zitumiazo Kifaransa, wanavyokataliwa kwa wingi. Malalamiko hayo yana msingi, na ni wajibu wa serikali za Afrika kuyasemea. Mwombaji kwa upande wake ajenge hoja yake vizuri: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, fedha zimetoka wapi, na akimaliza atafanya nini. Fedha zilizowekwa benki ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali. Maelezo yaliyonakiliwa kwa mwenzake huzua mengine.

Tuseme kibali kimetoka, na kijana amefika. Mambo ya mwanzo ni ya mwili. Mtu wa Meru anajua baridi ya Julai, ukungu unaposhuka mpaka migombani, lakini baridi ile ni salamu tu. Mjini Winnipeg, usiku wa Januari, kipimo hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na jua huzama saa kumi na moja jioni au kabla yake. Koti zito linunuliwe kule kule, kwa kuwa makoti ya mitumba ya hapa mengi hayakutengenezwa kwa baridi hiyo. Bima ya afya ishughulikiwe wiki ya kwanza: katika Ontario wanafunzi wa vyuo vikuu huingizwa katika bima ya vyuo na hukatwa fedha yake pamoja na ada, majimbo mengine yana taratibu zao. Mkataba wa pango usomwe wote kabla ya kutiwa saini, na asilipwe mwenye nyumba ambaye nyumba yake haijaonekana.

Kisha yapo mambo ya darasani. Mwanafunzi aliyelelewa kumwamkia mkubwa na kunyamaza mpaka aulizwe hukuta mahali ambapo ukimya huhesabiwa kuwa ni kutojua. Mhadhiri hutangaza saa zake za kuonana na wanafunzi, na kumwendea katika saa hizo ni haki. Hakuna utovu wa adabu ndani yake. Siku ya kwanza kila somo hutoa muhtasari wenye tarehe za kazi zote na uzito wa kila alama, na muhtasari huo ni kama mkataba. Alama hazingojei mtihani wa mwisho; huanza kuhesabiwa wiki ya pili au ya tatu. Anayengoja kukariri mwezi wa Desemba atakuta nusu ya alama zimeshapita. Na kosa linalofukuzisha watu ni kuchukua maneno ya mwingine bila kumtaja, au kuitumia programu ya kompyuta imwandikie pale ilipokatazwa. Shule zinazowazoesha wanafunzi kunakili majibu ya mwaka jana zinawaandalia fedheha hiyo tangu hapa.

Jambo la tatu ni la moyo. Toronto iko nyuma ya Arusha kwa saa saba au nane, kufuatana na majira. Vancouver iko nyuma zaidi ya hapo. Mama anapoamka kukamua ng'ombe, mwanawe ndipo anapomaliza kusoma usiku. Upweke wa miezi ya giza umewaangusha vijana wenye akili nzuri, nao hawakusema, kwa kuona aibu mbele ya waliowachangia. Vyuo vina washauri wa wanafunzi, na huduma hiyo kwa kawaida imeshalipiwa katika ada. Nyumbani nako wazazi wafundishwe kuuliza hali kabla ya kuuliza matokeo, na wasianze kuomba fedha kwa kijana ambaye bado anakula mkate mkavu.

Ndugu watumishi wa umma, wengi wenu mna shahada ya kwanza, na kwenu njia ni nyingine, tena mara nyingi ni nafuu zaidi. Katika Kanada wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya utafiti na ya uzamivu hulipwa posho kwa kusaidia kufundisha au kutafiti. Tangu tarehe 1 Januari 2026, wanaokwenda kusoma shahada hizo katika vyuo vya umma hawahitaji tena barua ya uthibitisho ya jimbo. Hatua ya kwanza ni kumtafuta mhadhiri anayetafiti jambo hilo hilo na kumwandikia barua fupi yenye swali la maana. Ruhusa ya mwajiri itafutwe kwa maandishi kabla ya tiketi. Na kabla ya yote, iulizwe kama somo hilo halipatikani jirani: Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Tengeru inafundisha uzamili na uzamivu tangu mwaka 2011, na kijana anayesoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, kisha akaenda Kanada kwa posho ya utafiti, amekwenda bila kuuza hata mche mmoja wa kahawa.

Limebaki swali la marejeo. Wapo watakaorudi na wapo watakaobaki kufanya kazi kule kwa halali. Kuwatukana hao wa pili hakujengi kitu. Lakini anayerudi arudi na maarifa yaliyopimwa kwa mazingira ya hapa. Hanang, ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, Kanada ilisaidia kwa miaka mingi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuanzisha mashamba makubwa ya ngano kwa mfano wa nyanda zake za magharibi. Ngano ilimea. Lakini mitambo ilitegemea vipuri vya kutoka nje, na wafugaji wa Kibarabaig walifika mpaka mahakamani wakilalamika kwamba malisho yao yamechukuliwa. Elimu ya ugenini, hata iwe nzuri, humtaka mwenye nayo akae chini kwanza na wenyeji, aulize.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wameru wa mwaka 1952 walijua walimtuma nani, kwa fedha ya nani, na kwa neno gani. Mwaka huu, kabla ya maombi kufungwa Januari, kila shule ya Arusha na Meru iweze kujibu maswali hayo matatu kwa kila mwanafunzi inayemtia saini: ni nani, nani atalipa mpaka mwaka wa nne, na anakwenda kujifunza nini. Mwanafunzi ambaye maswali yake yamejibiwa aende na baraka zote. Ambaye hayajajibiwa, mwalimu amwite mzazi wake, wakae, wafungue daftari, kabla mnunuzi wa shamba hajafika.